Fahali Huchaguliwa kwa Mama Yake

Katika minada ya ng'ombe ya Bara, kuanzia Dodoma hadi Shinyanga, fahali huhukumiwa kabla hajasimama sawasawa mbele ya wanunuzi: nundu ikiwa kubwa, kifua kikiwa kipana, mapaja yakiwa yamejaa na ngozi ikimeremeta, bei hupanda, na akiwa mwembamba wa mapaja, hata kama mama yake amezaa kila mwaka pasi na kukosa, hapana atakayeuliza habari za mama huyo. Kwa mtu anayetaka ndama wa kunenepesha na kupeleka machinjioni, hukumu ya namna hiyo ina sehemu kubwa ya haki, maana nyama ndiyo aitakayo na nyama ndiyo aionayo. Lakini kwa mfugaji ambaye katika ndama watakaozaliwa atawauza madume na kuwabakiza majike wawe mitamba, na mitamba hao washike nafasi za ng'ombe wazee katika kundi lake, hukumu hiyo ni hatari, na hatari yenyewe ni ya muda mrefu, kwa sababu haionekani mwaka wa kwanza wala wa pili, ila hudhihiri wakati ambapo fahali mwenyewe ameshachinjwa na kusahauliwa.

Anayemchagua fahali wa kuzaa mitamba anawachagua majike ambao hawajazaliwa, nao sifa zao haziko juu ya mwili wa fahali huyo. Fahali hana kiwele, hazai, hanyonyeshi, wala hajapata kukumbwa na kiangazi akiwa na ndama ubavuni na mimba tumboni. Kila alichonacho katika mambo hayo amekibeba ndani ya damu yake, amana aliyoipokea kwa mama yake na kwa nyanya zake wa pande zote mbili, naye atamkabidhi kila binti yake nusu ya amana hiyo bila ya yeye mwenyewe kuionyesha hata siku moja. Ndiyo maana naamini, na nitashikilia hivyo mpaka nionyeshwe kinyume, kwamba swali la kwanza la mnunuzi wa fahali wa aina hii liwe juu ya mama yake, na la pili liwe juu ya mabinti zake kama anao, na kimo na uzito wake vije baada ya hapo.

Nusu ni neno dogo kulisikia, lakini hesabu yake katika kundi ni kubwa mno. Mtu mwenye majike 25 na fahali mmoja, akijaliwa ndama 20 kwa mwaka, atapata mitamba kiasi cha 10. Fahali akitumika miaka 3 ataacha mabinti 30. Na kwa kuwa jike mwema hukaa zizini miaka 8 au 10 tangu azae mara ya kwanza, kazi ya fahali yule itaendelea muongo mzima baada ya yeye kuondoka. Tena mfugaji anayebakiza mitamba wake mwenyewe, akishatumia mafahali watatu mmoja baada ya mwingine, mitamba wa kizazi cha tatu watakuwa wamerithi nusu kutoka kwa fahali wa mwisho, robo kutoka kwa aliyemtangulia, na thumuni kutoka kwa yule wa kwanza, ambazo jumla yake ni asilimia 87.5, na wale majike wa asili aliorithi kwa baba yake, ambao pengine anajisifia nao mbele ya wageni, wamebakiwa na thumuni moja tu. Mtu huyo anadhani ana kundi la baba yake, kumbe ana kundi la mafahali watatu aliowanunua kwa macho.

Hebu tulipime hilo jicho. Mchukue fahali kijana wa aina ya Boran ambaye alipowekwa kwenye mizani akiwa na miezi 18 aliwazidi kwa kilo 40 wastani wa wenzake waliozaliwa msimu mmoja naye na kulishwa katika malisho yale yale. Kilo 40 ni nyingi, na zinavuta. Walakini sehemu ya ziada hiyo imetokana na mambo ya kupita: alizaliwa mapema katika mvua, mama yake alipata majani mabichi, hakushikwa na ndigana. Kwa uzito wa umri huo, wataalamu wa uzalishaji hukadiria kwamba kama asilimia 40 ya tofauti baina ya ng'ombe na ng'ombe ndiyo inayotokana na urithi. Kwa hiyo katika kilo 40 zile, 16 ndizo zilizomo katika damu, na maadamu fahali hutoa nusu, wanawe watarajiwe kuzidi kwa kilo 8. Na lau fahali huyo alilelewa zizini kwa molasi na pumba, kisha akalinganishwa na wenzake waliohangaika porini, hata kilo hizo 8 hazina msingi, kwa kuwa ulinganishaji wa ng'ombe ambao hawakuishi maisha mamoja hauna maana yoyote.

Na hizo 8 zenyewe tuziulize zinakwenda wapi. Kukua kwa haraka na ukubwa wa mwisho wa mwili ni mambo yanayofuatana katika urithi, hivyo kwamba mwenye kuwachagua mafahali wazito kizazi baada ya kizazi, bila ya kutazama jingine, hujikuta na majike wakubwa. Dume aliyehasiwa akiwa mzito huuzwa, na uzito wake huwa fedha siku hiyo hiyo. Jike akiwa mzito hauzwi, hukaa, na kila siku ya maisha yake huudai mwili ule ulishwe. Tuichukue Kongwa kwa mfano, nchi ile ya Dodoma ambayo Waingereza waliivamia mwaka 1947 kwa matrekta ili walime karanga, ardhi na mvua zikawashinda hata mpango ukaachwa mwaka 1951, na baadaye nchi ikageuzwa kuwa ya ng'ombe, kazi ambayo inaifaa. Mvua zake huanza Desemba na kwisha Aprili, na baada ya hapo majani hukauka na kupungua nguvu mpaka mwaka unapokaribia kwisha. Jike wa kilo 450 huhitaji kama kilo 2 za majani makavu kwa siku zaidi ya jike wa kilo 350, ili aishi tu. Katika kundi la majike 100, kwa siku 200 za kiangazi, hiyo ni ziada ya tani 40, nazo hazitateremka kutoka mbinguni. Zisipopatikana, mwili wa ng'ombe una utaratibu wake wa kubana matumizi: huuhifadhi uhai kwanza, humpa ndama maziwa yanayowezekana, na kinachoachwa ni joto, yaani ng'ombe haombi dume, na mwaka unapita bila mimba. Mwenye kundi atalaumu mvua, atalaumu wachungaji, pengine atamlaumu fahali wa sasa kwamba ni mvivu, wala hatamkumbuka yule fahali mzuri wa miaka saba iliyopita.

Jambo hili si geni duniani. Robert Bakewell wa Dishley katika Uingereza, aliyefariki mwaka 1795, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa uzalishaji wa wanyama kwa mpango, aliwachagua ng'ombe wake wa pembe ndefu kwa ajili ya kunenepa, akawaozesha wa damu moja ili sifa hiyo ijikite, na akafanikiwa katika alilokusudia: ng'ombe wake walinenepa kwa urahisi kuliko wa majirani. Lakini maziwa ya majike yalipungua, na uzazi wao pia ukadhoofika, na haukupita muda mrefu kabla wakulima hawajawakimbilia ng'ombe wa pembe fupi wa wafugaji akina Colling, ambao majike wao walikuwa mama wa kweli. Bakewell alikuwa mtu wa akili nyingi na bidii isiyo na mfano. Akili haikumpungukia, bali alilopima ndilo alilolipata, na asilolipima likamponyoka.

Basi mama wa fahali atazamwe vipi? Kwanza kwa daftari. Mimba ya zebu, yaani ng'ombe wa nundu, huchukua takriban siku 285, kwa hiyo jike anayetaka kuzaa kila mwaka ana siku 80 hivi tu za kupona uzazi, kunyonyesha, kurudi katika joto na kushika mimba. Ukurasa mmoja wenye tarehe za kuzaa za jike mmoja, zikiwa sita au saba zimeandikwa moja chini ya nyingine, unasema mengi kuliko picha yoyote ya fahali: ukiona alizaa Januari, kisha Januari, kisha Februari, halafu tena Januari, katika miaka ambayo mmoja wake unajua ulikuwa wa ukame, umemwona ng'ombe ambaye mwili wake na nchi yake vimepatana. Ukiona tarehe zinasogea mbele miezi mitatu minne kila safari, kisha mwaka mtupu, na huku daftari limeandika kwamba ndama zake walikuwa wazito kuliko wote siku ya kuachishwa ziwa, tahadhari, kwa kuwa uzito huo wa ndama umelipiwa kwa mwaka uliopotea.

Pili kwa macho, na hapa macho yana kazi yake halali. Mwenye nafasi na aende zizini alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, akamwangalie mama huyo kwa karibu, hasa akiwa mzee. Kiwele kilichoshikamana na tumbo, chenye chuchu nne zilizo sawa, nyembamba na fupi, ni kiwele ambacho ndama atakipata mwenyewe dakika chache baada ya kuinuka. Kiwele kilicholegea kikaning'inia hadi magotini, chenye chuchu zilizovimba kama chupa, humhangaisha ndama mchanga: atazunguka, atanyonya mkia, atanyonya goti, na chuchu haitaingia kinywani, na ndama asiyepata dang'a katika saa za mwanzo huwa mlango wazi kwa kila ugonjwa. Katika kaya yenye ng'ombe watatu, mama mwenye nyumba atamsaidia ndama kwa mkono. Katika ranchi ya majike mia kadhaa waliotawanyika vichakani hakuna mkono wa kutosha. Umbo la kiwele hurithiwa, na fahali hulirithisha kama jike alirithishavyo, ijapokuwa yeye mwenyewe huwezi kumkagua hilo hata umpindue miguu juu.

Kuna kiungo kimoja cha fahali, hata hivyo, ambacho kinatoa habari za mabinti, nacho ni korodani. Mwaka 1978 J. S. Brinks na wenzake wa Colorado, Marekani, walionyesha kwamba mafahali vijana wenye mzingo mkubwa wa korodani wana uhusiano wa damu na mitamba wanaobaleghe mapema, na utafiti mwingi uliofuata uliliunga mkono jambo hilo. Kipimo chake ni utepe tu: korodani hushushwa zote mbili chini ya mfuko kwa mkono, utepe huzungushwa mahali palipo panene kuliko pote, na tarakimu husomwa. Mafahali wa Ulaya hutakiwa wafikishe walau sentimita 30 kabla ya miezi 15. Zebu wetu huchelewa kupevuka, hivyo alinganishwe na wa rika lake na wa zizi lake. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu ni rahisi na hakidanganyi, na kwa sababu hurithika kwa kiasi kikubwa, ilhali uzazi wenyewe wa jike, ukiupima kwa kushika au kutoshika mimba, hurithika kidogo sana, pengine sehemu moja katika kumi. Uhaba huo ndio unaofanya habari za binti mmoja au wawili zisitoshe, na ndio unaofanya wenzetu wa Marekani na Australia wakusanye habari za mamia ya mabinti kabla ya kumpa fahali alama ya kuaminika. Wamarekani wana kipimo kinachokadiria kama mabinti wa fahali watabaki kundini wakizaa mpaka wafike miaka 6. Nikiambiwa nichague tarakimu moja tu juu ya fahali, na nyingine zote zifutwe, ningechagua hiyo, kwa kuwa jike aliyefikisha miaka hiyo bila kuondolewa amefaulu mitihani yote kwa pamoja, uzazi, kwato, kiwele, hulka na afya.

Juu ya maziwa nitasema kidogo, ingawa ndiyo yanayozua ubishi zaidi. Kwa ng'ombe wa nyama maziwa huhesabiwa kwa kilo za ndama anayeachishwa ziwa, na wengi hudhani kadiri yanavyozidi ndivyo heri inavyozidi. Katika nyanda za majani ya mwaka mzima huenda ikawa hivyo. Katika nchi kavu jike mwenye maziwa mengi hujikamua mwenyewe, mifupa ya nyonga ikatokeza kabla kiangazi hakijafika nusu, na zile siku 80 zikapita bila joto. Maziwa ya kiasi, yanayomfikisha ndama salama na kumwachia mama mwili wake, ndiyo ya kutafutwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo macho hayawezi kabisa, nalo ni kasoro iliyofichika. Katika miaka ya 1940 na 1950 wafugaji wa ng'ombe wa Hereford wa Marekani walishikwa na mapenzi ya ng'ombe wafupi, wa mraba, wenye shingo nene. Mafahali wa umbo hilo walishinda katika maonyesho na kununuliwa kwa fedha nyingi. Kisha wakaanza kuzaliwa ndama mbilikimo, wenye vichwa vipana na matumbo yaliyovimba, wanaokoroma katika kupumua, na wengi wao hawakuishi. Ilipochunguzwa ikabainika kwamba kasoro ile huhitaji kurithiwa kutoka pande zote mbili ndipo ionekane, na yamkini baadhi ya wale walioibeba upande mmoja walionekana wafupi na wa mraba kidogo kuliko wengine, yaani walikuwa na umbo lile lile lililokuwa likisifiwa. Waamuzi wa maonyesho, bila ya kujua, walikuwa wakiutunza ugonjwa. Nasaba zilizosifika zilifutwa, watu wakapoteza mali.

Njia moja ya kumjaribu fahali katika zama zile ilikuwa kumpandisha mabinti zake mwenyewe: kama ameibeba kasoro, nusu ya mabinti wameirithi, na mmoja katika kila ndama wanane atazaliwa mgonjwa. Kwa hiyo mabinti 35 wakizaa salama wote, shaka iliyobaki haifiki hata moja katika mia. Leo tone la damu au unywele wa mkiani huweza kutoa jibu kwa kasoro nyingi zinazojulikana. Linalonihuzunisha ni kwamba jaribio lile kali, ambalo Wamarekani walilifanya kwa makusudi na kwa hesabu, sisi tunalifanya kila siku bila kujua: fahali anaachwa kundini miaka 5 au 6, mabinti zake wanafikia umri wa kupandwa, naye anawapanda, na ndama wanazaliwa wakiwa na robo ya urithi wao imejirudia. Uzazi unapungua, ndama wanadhoofu, na mwenye mali anasema ukoo huu umechoka. Mwenye nia ya kubakiza mitamba na amwondoe fahali, au abadilishane na jirani wa mbali, kabla binti wake wa kwanza hajapevuka.

Wala fahali mwenye alama zote njema hatakuwa mwema kila mahali. Katika ranchi ya Galana, nyuma ya Malindi, watafiti wa miaka ya 1980 walilinganisha Boran walioboreshwa wa ranchi na Boran wa Waorma wa Mto Tana, wakaona kwamba hao wa Waorma, wenye miili midogo, walistahimili zaidi nagana inayoenezwa na mbung'o. Waorma hawakuwa na mizani. Walikuwa na mbung'o, na vizazi vya majike waliosalimika wakazaa, na wana wa kiume wa majike hao ndio waliokuwa mafahali. Kadhalika kituo cha Mpwapwa kilipounda ng'ombe wake kwa kuchanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu wa nchi, Boran, na kidogo ya Ulaya, kilitaka mnyama atakayetoa maziwa na nyama na bado azae katika ukavu wa Dodoma. Sharti la nchi liliwekwa mbele ya sifa.

Kwa hiyo nina dai, na nalielekeza kwa ranchi za taifa, kwa vituo vya utafiti na kwa kila mzalishaji anayewauzia wafugaji mafahali wa kuboresha makundi yao. Cheti cha afya na uzito havitoshi. Kila fahali aondoke na karatasi moja inayotaja umri wa mama yake alipozaa mara ya kwanza, tarehe zote za uzazi wake, uzito wake wa utu uzima, hali ya kiwele chake, na sababu ya kuondolewa kwake kundini kama ameondolewa. Nitajibiwa kwamba mfugaji wa asili hana haja na karatasi. Nakataa. Mzee wa Kimaasai au wa Kigogo akiulizwa juu ya ng'ombe aliye mbele yake atakutajia mama, nyanya, na aliyeleta nyanya huyo katika boma, na ni kwa mahari au kwa urafiki gani. Elimu ya nasaba ya upande wa kuukeni anayo kwa ukamilifu unaopita wa watu wengi wenye shahada. Anaponunua fahali wa ranchi ndipo anaponyimwa elimu aliyoizoea, na kuachiwa rangi na kilo.

Na kuna dai la pili, zito zaidi. Fahali huanza kazi akiwa na miaka 3 hivi. Mabinti wake wa kwanza huzaa naye ameshakaribia 8, na wakizaa mara ya tatu naye amefika 10. Maana yake ni kwamba siku tunapoijua kweli thamani ya fahali kwa mitamba wake, aghalabu yeye ameshakuwa supu. Tuna kituo cha uhimilishaji Usa River, karibu na Arusha, na mbegu ikitiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hudumu miongo mingi. Kila fahali kijana wa ranchi za umma anayetazamiwa kuzaa mitamba achukuliwe mbegu kabla ya kuuzwa, mirija michache tu, iwekwe pasipo kutumiwa, na daftari la mabinti zake lifuatwe mpaka wafike miaka 6. Wale ambao mabinti zao watakuwa wangali kundini, wanazaa, mirija yao ndiyo itolewe kwa nchi nzima, na ya wengine imwagwe.